Punguza Mawazo, Kaka

Muuguzi alinifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Akatazama mashine, akanitazama mimi, kisha akaitazama tena mashine, kama mtu anayetaka kujua nani kati yetu anadanganya.

"158 kwa 102," akasema. "Kaka, wewe una mawazo."

Nikamjibu kwamba hata mimi najua. Mtu mzima asiye na mawazo, huo utu uzima ameupata wapi?

"Basi yapunguze," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Nilitoka pale na pakiti ya vidonge, karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili, na agizo lisilokuwa na dozi. Vidonge vimeandikwa: kimoja kila asubuhi. Chumvi nimeambiwa kijiko nisikifikie. Lakini mawazo nayapunguza kutoka mangapi hadi mangapi? Kabla ya kula au baada ya kula? Ilikuwa Juni, mwezi ambao sisi wahasibu tunafunga hesabu za mwaka, na wakaguzi walikuwa wameshaomba meza na feni. Mwenye nyumba alikuwa anasubiri kodi yake ya miezi sita kwa mkupuo. Shule zinafungua Julai. Mawazo yangu yalikuwa yamejipanga foleni, kila moja na namba yake mkononi, na hakuna lililokuwa tayari kurudi kesho.

Kwetu hatuna haja ya jina refu la ugonjwa huu. Tunasema tu "ana mawazo", kana kwamba kufikiri kwenyewe ndiyo maradhi. Tiba nayo iko ndani ya neno: kupumzika kumetoka kwenye pumzi. Anayepumzika, anapumua. Bahati mbaya neno hilohilo ndilo tunalowaandikia marehemu msalabani, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Nilipochukua likizo ya siku tatu, mke wangu alimwambia jirani kwenye simu, mtandao ukiwa unakatakata: "Baba amepumzika." Hazikupita dakika kumi, jirani akaingia uani, kanga kichwani, kilo mbili za sukari mkononi, machozi tayari. Akanikuta namenya chungwa. Sukari aliiacha, lakini nilimwona anaondoka nayo kwa macho.

Jaribio la kwanza la kupumua lilitoka kwa kijana mmoja wa ofisini, aliyeniwekea kwenye simu programu ya kutuliza akili. Unakaa, unafumba macho, unasikiliza sauti ya mama mmoja wa Kizungu ambaye, kwa jinsi anavyoongea, hajawahi kudaiwa kodi ya miezi sita. Jumamosi asubuhi nikatandika mkeka sebuleni, nikakunja miguu, magoti yakalia kama mlango wa stoo. Mama akaniomba nijione niko msituni, penye utulivu. Nikajiona. Mara dirishani akapita muuzaji na kipaza sauti chake: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto!" Ile ni sauti iliyorekodiwa, haichoki, haimezi mate. Msitu wangu ukaingia mende. Mama akaniambia niachie mizigo yangu yote iende. Kipaza sauti kikajibu: "Kunguni!"

Nilivumilia. Tukafika kwenye pumzi yenyewe. "Vuta," akasema mama kwa Kiingereza chake. Nikavuta. "Shikilia." Nikashikilia. Kisha kimya. Kifurushi kilikuwa kimeisha.

Sasa mimi ni mhasibu. Kwa miaka kumi na minane sijawahi kuachia kitu bila idhini. Nikakaa nayo ile pumzi, nikisubiri maelekezo. Binti yetu alipoingia kutafuta rimoti alinikuta macho yamenitoka, mashavu yamejaa, jasho linatiririka. Akapiga kelele: "Mama! Baba anavimba!"

Mke wangu akashauri nitoke nikakae na wanaume wenzangu. Karibu na sokoni kuna kijiwe cha wazee wa bao, chini ya mkungu. Kila nipitapo huwaona wametulia, kahawa pembeni, wanatazama mashimo thelathini na mawili kama watu wasiokuwa na deni. Nikasema huku ndiko. Nikawasalimu, nikakaribishwa, nikapewa upande wangu: kete chache zimepangwa mashimoni, nyingine ishirini na mbili mkononi, tayari kwa kunamua.

Niligundua upesi kwamba utulivu wa bao unaonekana kutokea barabarani tu. Ukishakaa, kuna watu sita nyuma ya mgongo wako, wote wanaona mtaji usiouona wewe.

"Una mtaji hapo, huuoni?"

"Ataona saa ngapi, na miwani kaiweka kichwani?"

Mikono ikaanza kunitetemeka. Kete moja ikaanguka, ikaokotwa na kuku, ikatemwa. Mzee niliyecheza naye, ambaye kwa makisio yangu alikuwa na miaka themanini na presha ya mtoto mchanga, alizungusha kete zake mara mbili, akasimama mbele ya nyumba yangu, lile shimo lenye kete nyingi, akaila yote kwa tabasamu. Kodi ya nyumba sijalipa, na huku nako nyumba imeliwa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi nimekuja kupumzika."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapa hatupumziki. Hapa tunacheza bao."

Ikabaki bahari, kule Kigamboni. Wenye magari siku hizi wanazungukia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Sisi tulikwenda Feri, tukapanda pantoni hadi Kigamboni, familia nzima, na chapati kwenye hotipoti. Mke wangu alikuwa ameagiza simu ibaki nyumbani. Mimi nikaiweka kwenye mfuko wa shati, kwa hoja kwamba inahesabu hatua. Ni hoja nzuri. Hata wakaguzi wangeipitisha.

Nilikuwa nimeingia majini hadi magotini, nahesabu mawimbi, ndipo bosi akapiga. "Lile faili la wadaiwa liko wapi?" Nikajiweka sawa, nikasimama wima ndani ya bahari kama niko ofisini. "Faili liko, bosi, liko kwenye..." Wimbi lililofuata halikuniacha nimalize. Lilinipiga kifuani, mimi nikakaa, simu ikaendelea na safari. Niliipata baada ya kupapasa mchanga kama mtafuta chaza. Ilikuwa inawaka bado, inanionesha hatua zangu za siku ile. Kisha ikazima.

Kila Mtanzania anajua dawa ya simu iliyolowa: mchele. Jioni ile nikaichimbia ndani ya ndoo ya mchele jikoni, nikalala. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaonya wateja wake wasifanye hivyo, kwa kuwa vumbi na chembe za mchele huweza kuiharibu simu zaidi. Lakini Apple hawakuwepo jikoni kwetu usiku ule. Aliyekuwepo ni mama yangu.

Mama alikuwa amefika wiki hiyo kutoka Kyela, zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na nusu gunia la mchele wa nyumbani, ule ambao ukiuinjika jirani wa tatu anakumbuka kuja kusalimia. Asubuhi ya Jumapili alichota kwa kikombe, akatoka uani ameishika simu yangu kwa vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "hii nayo inaiva kwa muda gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniletea kigoda na ungo uliojaa. "Kwa kuwa mchele umeupa kazi ya simu yako, nawe ufanye kazi ya mchele. Wageni wanakuja saa saba."

Nikataka kuonesha kwamba sijasahau kwetu, nikaanza kwa kupeta. Kupeta kunaonekana rahisi: unarusha, upepo unachukua pumba, mchele unarudi ungoni. Wangu ulirushwa, upepo ukachukua ulichotaka, na kuku wa jirani wakachukua kilichobaki. Mama akaninyang'anya ungo, akapeta mwenyewe, akanirudishia. "Wewe toa mawe."

Mchele wa Kyela una harufu, na una mawe. Mpunga ukianikwa chini, mpunga unakauka, na ardhi inadai chake. Na mawe yale ni werevu: yana weupe uleule, urefu uleule, yamevaa sare ya mchele yakakaa katikati kimya. Huwezi kuyaona kwa jicho la haraka. Unavuta konzi ndogo kwa vidole upande mmoja wa ungo, unaisambaza, unatazama, unatoa jiwe, unatoa chuya, unasukuma upande wa pili. Unavuta tena. Simu sikuwa nayo. Programu sikuwa nayo. Msitu sikutakiwa kuufikiria.

Mama naye akavuta kigoda akaanza kuchambua maharage. Muuza dawa ya kunguni akapita na kipaza sauti chake. Nilimsikia alipofika kona ya pili. Nikashangaa amepitaje mlangoni kwetu sikumsikia.

"Mama," nikamuuliza, "wewe ulikuwa unafanyaje ukiwa na mawazo?"

"Nilikuwa nachambua mchele."

"Na mchele ukiisha?"

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Nyie mlikuwa saba, mchele uishe?"

Nilikaa na jibu lile muda mrefu kuliko nilivyokaa na pumzi ya mama wa Kizungu. Kazini natafuta shilingi iliyopungua. Hapa natafuta jiwe lililozidi, na nikilipata nimelipata, hakuna wa kuniomba kiambatisho. Kwenye mkeka, kijiweni, hata baharini, mgonjwa nilikuwa mimi na shughuli yote ilikuwa juu yangu: mimi natulia? Mimi bado? Kwenye ungo sikuwa natajwa. Kila jiwe nililotupa lilikuwa la jino la mtu fulani, na mtu huyo angekula, akaondoka na meno yake, bila kujua alikuwa na deni kwangu. Nilipomaliza mgongo ulikuwa unauma, na mabega, ambayo tangu Aprili yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yalikuwa yameshuka.

Jumatatu nikaingia ofisini mbio, niko tayari kuomba radhi. Bosi hata hakuinua kichwa. "Lile faili lilikuwa mezani kwangu," akasema. Kampuni haikufungwa. Wakaguzi walikuwa wanakunywa chai. Mchana nikaipeleka simu Kariakoo, fundi akaifungua, akachungulia kwenye tundu la chaji kwa muda, akaniita karibu kwa sauti ya msiba: "Bosi, humu ndani kuna wali."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nimeshasema mimi ni mhasibu. Nikaugeuza mchele kuwa mpango. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu, dakika thelathini, ungo mmoja, na daftari la safu tatu: tarehe, mawe, chuya. Jumatatu mawe arobaini na mawili. Jumanne thelathini na saba. Alhamisi kumi na moja. Ijumaa matatu tu, na nikajikuta nimekasirika: nusu gunia lilikuwa limesafishika. Nikavaa ndala nikaenda dukani kwa Mangi.

"Mangi, una mchele wenye mawe?"

Akadhani namsema. "Bosi, mchele wangu ni safi kabisa, namba moja, hauna jiwe hata la dawa."

"Ndiyo shida yake," nikamwambia.

Tangu siku ile ananihudumia haraka kuliko wateja wote, na chenji ananiwekea juu ya meza, hanipi mkononi.

Wiki mbili zilipotimia nikarudi kwa muuguzi. 136 kwa 86. Vidonge navyo vinastahili sifa yao, sitaki kuvidhulumu, na bado nakimeza kimoja kila asubuhi. Lakini alitaka kujua nimeyapunguzaje mawazo.

"Sijayapunguza," nikasema. "Yako yote. Nachambua mchele."

Akafikiri kidogo, akaandika kwenye faili langu: mazoezi.

Jumapili iliyofuata mama alikuwa anaagwa. Nikaomba kazi ya mchele mwenyewe, bila daftari, nikakaa na kigoda changu kivulini tangu asubuhi. Nilikuwa nimetulia kiasi kwamba mke wangu alipita mara mbili kuhakikisha napumua. Mezani wali ukaletwa, mweupe, unanukia, na samaki wa nazi pembeni. Nikawatangazia wageni kwamba mchele huu nimeuchambua mimi. Wakasifu. Nikakaa wima.

Ndipo ikasikika: *kraa*.

Meza nzima ikanyamaza. Mama akaacha kutafuna, akaingiza vidole viwili taratibu, akatoa jiwe, akaliweka kwenye ukingo wa sahani ambapo kila mtu angeliona. Akapitisha ulimi kuhesabu meno yake. Kisha akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "leo umepumzika kupita kiasi."