Kwa Mkurugenzi wa Zima-Washa: Barua ya Wazi kutoka Lugoba

Lugoba,
Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze,
Mkoa wa Pwani.

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti (jina nalihifadhi),
Dar es Salaam.

YAH: LAPTOPU KUPOTEZA WAIFAI MARA KWA MARA, NA SHUKRANI KWA USHAURI WENU MMOJA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza natoa pongezi. Si taasisi nyingi zilizofanikiwa kuwa na jibu moja kwa maswali yote. Hospitali ina makabati ya dawa, mahakama ina vifungu, na hata mganga wa huku Ukwere humuuliza mgonjwa jina la mama yake kabla ya kumpa mzizi. Ninyi mmeyavuka yote hayo. Mteja akipiga simu, akabonyeza moja kwa Kiswahili, akasikilizishwa muziki na kuhakikishiwa kwamba simu yake ni ya thamani sana kwenu, anapewa tiba: "Zima ruta, subiri kidogo, washa." Naomba kufahamishwa kama hiyo ni sera, mwongozo au dua, ili niiweke kwenye jalada linalostahili.

Kwa faida ya ofisi yako, ambayo ramani yake huenda inaishia Kibaha: Lugoba iko kilomita kama 20 kaskazini ya Chalinze, kwenye barabara kuu inayokwenda Segera. Huku ndiko yanakopasuliwa mawe, na kokoto zetu zinapanda malori kwenda kujenga Dar es Salaam. Huenda hata ukuta ulioegemea sasa hivi una kipande cha Lugoba ndani yake. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ni steshenari. Vijana wanakuja kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo, wazee wanakuja kutafutiwa namba ya malipo, walimu wanakuja kuchapa mitihani. Karibu kila anayeingia ana tarehe ya mwisho mfukoni.

Sasa tatizo lenyewe. Laptopu yangu ikiachwa kidogo bila kuguswa, tuseme kijana anatafuta cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha, alama ya waifai inatoweka. Fomu inabaki katikati, na kila kilichokuwa hakijahifadhiwa kinaanza upya. Wakati huohuo simu yangu, iliyo juu ya meza ileile, kwenye waifai ileile, kwa nywila ileile, inaendelea kupokea video za harusi kutoka kwenye kundi la ukoo bila kukwama.

Naomba aya hiyo isomwe mara mbili na afisa wako yeyote mwenye nafasi. Simu ipo, laptopu haipo. Taarifa hiyo peke yake inatosha kumaliza nusu ya kazi ya fundi, na nimeitoa kila nilipopiga. Hakuna aliyeiandika popote.

Afisa wa kwanza alinieleza kwamba eneo letu lina msongamano wa mtandao. Nikafurahi kusikia tumeendelea kiasi hicho. Ni kweli kwamba kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ruta hugombania nafasi: chaneli ni nyingi kwa hesabu, lakini zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Katika maghorofa ya Kariakoo, ambako kila sakafu ina ruta zake, ugomvi huo ni wa kweli na watu wanaumia. Mimi nikifungua orodha ya mitandao naona wangu na wa jirani ng'ambo ya barabara. Kama mbuzi wa Lugoba nao wamesajiliwa kwenye gigahezi 2.4, tungeomba tupewe taarifa rasmi kupitia ofisi ya kijiji.

Afisa wa pili alinishauri niisogeze ruta, kwa sababu kuta hudhoofisha mawimbi. Nalo ni kweli. Tofali la saruji hulidhoofisha wimbi, na masafa ya gigahezi 5 huumia zaidi ukutani kuliko yale ya 2.4. Ila ruta yangu na laptopu vinakaa meza moja. Nilimweleza hivyo, naye akanishauri niisogeze zaidi. Ningeisogeza zaidi ya hapo ningekuwa nimeiketisha juu ya kibodi.

Afisa wa tatu alipanda ngazi hadi ngazi ya kimataifa. Alisema kuna hitilafu kwenye mkongo wa baharini. Hapo, Ndugu Mkurugenzi, nilisimama kwa heshima, maana mkongo wa baharini tunaukumbuka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ikayumba, Kenya ikayumba, na nchi nyingine za ukanda huu pia. Siku ile hakuna aliyehitaji kumuuliza mwenzake kama ni simu yake au laptopu yake, kwani anayelalamika na anayelalamikiwa walikuwa gizani pamoja. Hivyo ndivyo bahari inavyofanya kazi: ikikata, inakata kwa wote. Sijawahi kusikia mkongo unaolala chini ya Bahari ya Hindi ukachagua laptopu moja ya Lugoba, ukaiacha simu iliyo pembeni yake iendelee kutazama harusi.

Kwa kuwa maafisa wako wana kazi nyingi, nimeona niwaandalie utaratibu mfupi. Sidai hakimiliki.

Swali la kwanza: ni kifaa hiki tu kinachokata, au vyote ndani ya nyumba? Vikikata vyote kwa pamoja, tazameni ruta, mnara, faiba na malipo ya kifurushi. Kikikata kimoja na vingine vinaendelea, waondoleeni lawama bahari na mbuzi, kisha mtazame kifaa hicho.

Swali la pili: alama ya waifai inatoweka kabisa, au inabaki na ujumbe kwamba umeunganishwa lakini hakuna intaneti? Ikitoweka, laptopu na ruta ndio wameachana. Ikibaki, wale wawili wanasikilizana vizuri, ila ruta yenyewe haina habari za dunia, na hapo mzigo mara nyingi unarudi kwenu. Niseme pembeni kwamba ujumbe huo, wa kuunganishwa bila intaneti, ndio mkweli kuliko matangazo yote niliyowahi kusoma. Ungeweza kubandikwa kwenye milango ya ofisi nyingi ambamo koti liko kwenye kiti, miwani iko juu ya faili, na mwenyewe katoka kidogo tangu asubuhi.

Swali la tatu: laptopu ina anwani gani? Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP ndani ya nyumba, na nyingi za majumbani huanza na 192.168. Ukikuta laptopu ina anwani inayoanza na 169.254, ujue iliomba anwani, haikujibiwa, ikaamua kujipangia yenyewe. Na kama anwani ni sahihi, itumeni amri ya ping kwanza kwa ruta, kisha kwa anwani ya nje kama 8.8.8.8. Ruta ikijibu na ya nje isijibu, lawama inatoka nje ya ukuta wangu. Ruta isipojibu, tuanze na ya humu ndani. Kazi hiyo ni ya dakika chache, pungufu ya muziki wenu wa kusubirishia.

Nilifuata utaratibu huo, kwa sababu simu hupokelewa kwa saa maalumu lakini tarehe za mwisho za vijana hazina saa maalumu. Mkosaji alipatikana, na ni mtu anayeheshimika sana nchini: anaitwa Kubana Matumizi.

Ndani ya laptopu, kwenye orodha ya vifaa vyake, kadi ya waifai ina ukurasa wa mambo ya umeme. Humo kuna kisanduku kidogo chenye tiki kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi hiyo ili kuokoa umeme. Mara nyingi tiki hiyo huwa imewekwa kabla mashine haijafika kwako. Kijana akitulia kutafuta cheti, kompyuta inahesabu ukimya wake kuwa ni nafasi ya kuweka akiba, inailaza kadi, na isipoamka vizuri ndiyo tumeagana na waifai. Nikaondoa tiki, nikasasisha draiva ya kadi, nikaifuta ile waifai kwenye kumbukumbu za laptopu na kuiunganisha upya. Tangu hapo fomu zinafika mwisho wake.

Lakini tazama hekima ya akiba hiyo, Ndugu Mkurugenzi. Kadi ya waifai kwa kawaida haizidi wati chache. Taa ya LED ya wati 9 inaipita. Skrini, inayokula umeme mwingi zaidi, iliachwa iwake kwa mbwembwe zote. Kilichozimwa ni kile kidogo kinacholeta kazi. Wanaofahamu bajeti za ofisi wataitambua mantiki hiyo mara moja: vitafunwa vya kikao vinabaki, karatasi ya kumpa mteja risiti inakatwa. Na haya yanatokea kwenye halmashauri ambako laini ya kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere inatua. Bwawa limejengwa Rufiji kuzalisha megawati 2,115, umeme wake unafika Chalinze, na kilomita kama 20 kutoka hapo kuna mashine iliyochomekwa kwenye soketi inayoogopa kutumia wati mbili.

Utasema sasa: basi mkosaji ni mtengenezaji wa laptopu, sisi tumeingiaje? Nimelisubiri swali hilo.

Mmeingia kupitia zima-washa yenyewe. Siidharau. Ruta iliyokaa muda mrefu bila kupumzika huweza kuchanganyikiwa, na kuizima huifanya ianze na akili mpya. Na laptopu inayopoteza waifai nayo huweza kujiunganisha upya ruta inaporudi hewani, kwa hiyo tiba hufanya kazi, na tatizo linatulia hadi kijana mwingine atakapotafuta cheti. Hapo ndipo penye ubaya wake. Kuzima na kuwasha kunaondoa dalili pamoja na ushahidi. Afisa anauliza, "Sasa hivi inafanya kazi?" Najibu kweli kwamba inafanya kazi. Anaandika "limetatuliwa" na kufunga faili. Nikipiga tena, linafunguliwa faili jipya, maana la zamani lilishatatuliwa. Kwenye taarifa yenu ya robo mwaka mimi ni mafanikio mengi yaliyopangwa safu. Nyumbani kwangu ni tatizo moja ambalo halijaguswa na mtu.

Ndiyo maana nadhani hamna haraka ya kuuliza lile swali la kwanza. Swali moja lingeyageuza mafanikio mengi kuwa tatizo moja, na tatizo moja halipendezi kwenye mchoro wa nguzo za rangi. Gharama ya mchoro huo kupendeza inalipwa na mteja, anayegeuzwa fundi asiye na mshahara, tena fundi anayeondoka akiamini kwamba kosa ni lake kwa kutozima vya kutosha. Mimi angalau nina steshenari na nimezoea kugombana na mashine. Bibi anayeuza mananasi Kiwangwa, aliyenunuliwa ruta na mwanawe ili waonane kwa video, atazima na kuwasha mpaka swichi ilegee.

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba yafuatayo:

1. Kila afisa anayepokea simu aulize kama ni kifaa kimoja au vyote, kabla hajataja ruta, msongamano au Bahari ya Hindi.

2. Faili la mteja lisifungwe kwa sababu mtandao umerudi dakika ile anapoulizwa. Lifungwe pale sababu itakapojulikana na kuandikwa.

3. Mteja akipiga tena kwa tatizo lilelile, lihesabiwe kuwa ni lilelile.

4. Majalada yangu yote yaliyoandikwa "limetatuliwa" yasahihishwe yasomeke "mteja amelitatua mwenyewe", na gharama ya ufundi ilipwe kwangu. Namba ya malipo nitawaandalia hapa steshenari kwa bei ya kawaida. Kutoa nakala ya risiti ni juu yenu.

Nafahamu kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, humtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma wake kabla ya kubisha hodi kwake. Barua hii ndiyo kuanza kwangu. Nitaihesabu kuwa imejibiwa siku nitakayoulizwa swali, hata kama jibu lake mnalijua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu wa thamani sana,
Steshenari ya chumba cha mbele, Lugoba.

Nakala:
Mtengenezaji wa laptopu: aione tiki yake na aeleze anamwekea nani akiba.
Kijana wa maombi ya mkopo: fomu yako imepokelewa. Njoo na cheti mkononi, si kwenye bahasha.