Alama ya Ndege

Jumatatu, Njombe. Kompyuta yangu ya kuzamia imezimika. Ni ile ya kuvaa mkononi kama saa, inatumia betri ya CR2032. Fundi saa wa sokoni anayo CR2016, ambayo ni nusu ya unene. Akashauri tupandanishe mbili. Nikamweleza kwamba tutapata volti sita badala ya tatu. Akaniangalia kwa huruma, akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

Mpwa wangu anaanza mafunzo ya kuzamia kwa mtungi huko Zanzibar mwezi ujao, nami nimeahidi kumfundisha hesabu za kuzamia kabla hajaondoka. Kwake, kompyuta ikizimika somo liahirishwe. Kwangu mimi somo ndipo linapoanzia. Tumekunywa chai, kila mtu na msimamo wake.

Jumanne, Makambako. Ni kilomita kama 60, lakini gari halikuondoka mpaka lijae. Betri ikapatikana. Mpira mwembamba wa kuzuia maji, unaokaa chini ya kifuniko cha betri, haukupatikana, na bila huo kompyuta haiingii majini.

Wakati wa kurudi, mashine ya tiketi ilikosa mtandao. Foleni ikafika kwa mama muuza viazi. Kijana wa dirishani akatuomba tuwe na subira. Mzee mmoja akatoka ndani na kalamu na daftari, akaandika majina, viti na nauli, akajumlisha kichwani. Tukaondoka. Kijana alikuwa bado anatikisa mashine.

Jumatano. Umeme ulikatika tukiwa kwenye foleni ya kutoa nakala ya jedwali la kuzamia, lile linaloonyesha mwisho wa dakika za kukaa kwenye kila kina. Uliporudi, nakala ikatoka imekatwa mstari wa juu, ule wenye kina. Tukabaki na dakika zisizo na mita. Nimelipa hivyo hivyo.

Basi mpwa akaujaza mstari kwa mkono, kwa jedwali la wazamiaji wa burudani la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mbizi ya kwanza ya siku: mita 12, dakika 147, mita 18, dakika 56, mita 30, dakika 20. Alipofika hapo akasimamisha kalamu. “Mjomba, kina hakijafika hata mara tatu, muda umepungua zaidi ya mara saba!” Chini ya maji kompyuta isingemwonyesha hilo. Ingemwambia dakika zilizobaki, basi.

Alhamisi. Mpwa amekuja na hoja zake, na nyingine ni za kweli. Jedwali linamhesabia mzamiaji kana kwamba muda wote alikuwa kwenye kina kirefu zaidi alichofika. Kompyuta inapima kina kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo inampa muda wake halali. Chini ya maji hata mimi naitazama kompyuta. Ninachokataa ni mwanafunzi kupewa jibu kabla hajaijua hesabu. Naitrojeni inaingia mwilini kwa mgandamizo na muda, na inatoka taratibu. Mtu akipanda haraka, inafanya viputo kwenye damu na viungo. Mwaka 1908 mwanasayansi Haldane na wenzake kule Uingereza walitoa majedwali yao baada ya kuwajaribu mbuzi kwenye chumba cha mgandamizo. Mpwa aliwahurumia mbuzi kuliko alivyonihurumia mimi na nakala yangu.

Ijumaa. Leo limetokea jambo lililonikosesha usingizi. Mpwa anapanga, akishahitimu, tukazamie Ziwa Nyasa, upande wa Manda: tuzame asubuhi, jioni tulale Njombe. Nikamwuliza kompyuta itaonyesha nini tukitoka majini. Akajibu bila wasiwasi: picha ndogo ya ndege, maana yake usipande ndege kwanza. “Lakini sisi tunapanda basi, mjomba.”

Nikachukua karatasi. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Hapo tu jedwali la kawaida linahitaji marekebisho, kwa sababu ni juu ya mita 300. Njombe inakaribia mita 2,000. Hewa ya ndani ya ndege ya abiria inaweza kuwa nyepesi kama ya mita 2,400. Kwa hiyo mwili uliojaa naitrojeni hautofautishi sana ndege na basi la Njombe. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, kwa wanaopanda ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 baada ya mbizi kadhaa. Aliyejifunza jedwali anajua saa hizo zinangoja nini. Aliyefundishwa alama peke yake anakata tiketi ya basi.

Mpwa alikaa kimya, kisha akaomba kalamu.

Jumamosi. Amepanga upya mwenyewe: mbizi mbili, kutoka majini saa sita mchana, kulala Manda, kuondoka kesho yake saa mbili asubuhi. Ni saa 20. Nimekagua, hesabu ni sahihi. Gesti tumeshaulizia. Maji ya moto hakuna.