Muulize Bi Soksi: Kondoo Havai Pamba

Kaskazi ikianza kuvuma na Mombasa nzima ikitafuta feni, mimi ndipo huanza kuletewa barua za baridi. Sishangai. Disemba na Januari ni miezi ya vijana kwenda vyuoni ng'ambo, wazee kwenda kuona wajukuu, na waliojaaliwa kwenda Umra. Miguu iliyokulia kwenye champali hutiwa ndani ya viatu vya kufunga, na hapo ndipo mambo huharibika. Hizi hapa barua chache. Waliouliza kuhusu mapenzi wageuze ukurasa.

*Bi Soksi, shikamoo. Mwanangu amepata chuo Toronto, aondoka Januari. Nimemnunulia soksi Barabara ya Biashara, pamba tupu, dazeni mbili, nyeupe pe. Shangazi yake asema akivaa pea tatu tatu kwa mpigo zitamtosha. Mimi moyo hautulii. Niongeze dazeni? — Mama Msafiri, Kibokoni*

Marahaba, mwanangu. Huyo wifi yako ana nia njema, na nia njema imegandisha vidole vingi.

Pamba ni rafiki wa Mombasa. Jasho likitoka hulinywa, upepo wa baharini ukaja ukalikausha, nawe ukapoa. Ndiyo maana twavaa leso za pamba na kanzu za pamba. Sasa mpeleke rafiki huyo Toronto, ambako mwezi wa Januari mara nyingi maji hugandia nje mchana kweupe. Kijana atakimbilia basi, mguu utatoka jasho ndani ya buti (mguu hauna habari ya kalenda), pamba italinywa kama ilivyozoea, kisha haitakauka, maana humo hamna upepo wala jua. Na maji huiba joto la mwili kwa kasi kuliko hewa. Akifika kituoni atakuwa amesimama juu ya kitambaa kibichi, na basi bado halijaja.

Hiyo habari ya tatu tatu ndiyo mbaya zaidi. Kinachopasha mguu si uzi, ni hewa iliyonaswa baina ya nyuzi. Buti la namba 42 litabaki 42 hata shangazi mtu aape. Ukilijaza pea tatu, hewa hutoka, mishipa hubanwa, damu inayopeleka joto vidoleni ikakosa njia, na mguu ukawa baridi kuliko kama angevaa pea moja. Akitaka mbili, ya ndani iwe nyembamba, ya nje ya sufu, na buti linunuliwe kubwa kidogo. Akishafunga kamba avichezeshe vidole. Visipocheza, avue moja.

Mnunulie sufu. Kondoo havai pamba, na yeye hulala nje. Sufu huweza kunyonya mvuke hadi karibu thuluthi ya uzito wake kabla mguu haujahisi umelowa, na hata ikiwa na unyevu huendelea kupasha. Ile ya merino, kondoo wenye asili ya Uhispania ambao leo wamejaa Australia, ina unyoya mwembamba usiowasha ngozi. Sufu tupu hutoboka upesi kisiginoni, kwa hivyo usikimbie ukiona imechanganywa na nailoni kidogo.

Ila usinunue kwa macho. Ukiwa Kongowea au dukani, tia mkono ndani ya soksi mpaka kwenye vidole, kisha uigeuze nje ndani. Ya baridi utaiona ina vitanzi vidogo vidogo vilivyosimama kama vya taulo. Hivyo ndivyo vinasa hewa. Pitisha ukucha juu ya mshono wa vidole. Ukikwaruza, huo ndio utakaomtoa mwanao malengelenge. Vuta shingo ya soksi uiachie. Isiporudi, itakuwa imeshukia kisiginoni kabla hajafika darasani. Mwisho soma lebo: ikiandikwa *wool*, *laine* au *Wolle*, huyo ni kondoo. Ikiandikwa *acrylic*, hiyo ni plastiki iliyojifanya kondoo, na muuzaji atakuapia kwa mamake mzazi kwamba ni sufu.

Pea nne au tano nzuri zamtosha, akiwa anafua na kubadilisha. Dazeni mbili zako nyeupe si hasara. Mpe mdogo wake wa shule.

*Bi Soksi, mimi ni dereva. Napakia kontena Kilindini, nashusha Kampala. Soksi sivai, naendesha na slipa, mwanaume ni mwanaume. Lakini nikipita Timboroa usiku miguu hufa ganzi, klachi siisikii. Tanboi wangu ananicheka. — Chuma, Shimanzi*

Wewe Chuma, Kilindini ni usawa wa bahari. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Ukiiacha bandari ikiwa nyuzi 24, piga hesabu mwenyewe: kule juu zabaki kama 8, na hapo sijakutajia mvua. Umeupandisha mguu ule ule na slipa ile ile, halafu wategemea ukusalimu.

Dereva asiyeisikia klachi, uanaume wake haumsaidii kitu, hasa safari ya kurudi na mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa ukimngoja. Vaa kiatu cha kufunga chenye soli nyembamba ili pedali uijue, na ndani soksi moja ya sufu isiyo nene. Lakini usiivae tangu Changamwe. Hadi uvuke Mtito Andei mguu wako utakuwa umeoga jasho, na soksi iliyolowa ukiipandisha mlimani ni afadhali hiyo slipa. Weka pea kavu ndani ya kabati la gari, ukifika Nakuru jifute miguu, vaa, panda. Ulizovua usizianike juu ya dashibodi, hapo tanboi akicheka nitakuwa upande wake.

*Bi Soksi, mie ni mzee wa miaka sabini na ushei, Mungu akipenda mwezi wa kwanza naenda Uingereza kwa mjukuu. Nina sukari. Yanitia wasiwasi mambo mawili: udhu, maana siwezi tena kupandisha mguu kwenye beseni la watu, na hizi soksi za kubana wanazoambiwa wasafiri wa ndege. — Babu wa Kuze*

Shikamoo, mzee wangu, ingawa huenda mimi ndiye niliyekuzidi umri.

La udhu lina dawa ya kale: khufu, soksi za ngozi. Zivae ukiwa na udhu kamili. Udhu ukitenguka huvui, wapangusa juu yake kwa mkono uliolowa. Mkaazi ana ruhusa ya siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu na masiku yake, na hesabu huanza pale udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuvaa. Kwa Mashafi, nao ndio wengi wetu huku pwani, khufu sharti ifunike vifundo, iweze kutembelewa, na isipitishe maji. Soksi ya kawaida ya dukani haifiki hapo. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoruhusu soksi nene, na hilo kamuulize imamu wa mtaa wako. Mimi ni Bi Soksi, si Bi Kadhi.

Lakini wewe una sukari, na hapa nataka unisikize vizuri. Sukari hula hisia za nyayo. Mwenzako akikanyaga kokoto ndani ya kiatu ataruka. Wewe utatembea nayo mpaka jioni. Kwa hivyo hizo siku tatu ni ruhusa, si amri: kila usiku vua, tazama nyayo na baina ya vidole, na kama mgongo haukunji tena, mwambie mjukuu atazame, ndiyo kazi aliyokualikia. Ndani ya viatu vaa soksi isiyo na mshono mnene, isiyokaza shingoni, nyeupe au ya rangi nyepesi. Kidonda kikitoa damu au maji, kwenye nyeupe utakiona siku hiyo hiyo. Kwenye nyeusi utakijua kwa harufu. Na ukiingia ndani umeganda usiiweke miguu kwenye hita, utaungua na hutasikia.

Za kubana nazo si uzushi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kitako saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi au treni, huongeza kama mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu 1 katika 6,000. Soksi hizo hukaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kuelekea goti, ili damu isukumwe kurudi juu, na kwa watu wengi husaidia. Ila ikiwa sukari imeshaharibu mishipa inayoshusha damu mguuni, kuibana ni kuinyima hata kidogo ilichobakisha. Daktari akupime mapigo ya mguu kwanza, ndipo uamue. Zisikuponyoke kwenye duka la uwanja wa ndege kwa sababu zimekaa karibu na chokoleti. Kuinuka na kutembea ndani ya ndege ni bure, na kila mtu ana haki ya kwenda chooni.

*Bi Soksi, naenda Umra na mume wangu Januari, tutaanzia Madina. Nasikia usiku kuna baridi. Soksi twaruhusiwa? — Hajati Mtarajiwa, Majengo*

Madina vaeni nyote wawili. Mkifika Dhul Hulaifa kuhirimia, mumeo avue, maana ihramu haimruhusu mwanamume soksi. Wewe baki na zako. Atakuonea kijicho mpaka Makka, na usicheke.

*Bi Soksi, nilipanda treni Miritini kwenda Nairobi. Jirani yangu alivua viatu tukipita Mariakani, na soksi zake zikawa abiria wa tatu. Nilinyamaza hadi Syokimau. Ningemwambiaje kwa adabu? — Mwenye Pua, Tudor*

Jasho halinuki, mwanangu. Vinukavyo ni vijidudu vinavyolila, na hustawi kwenye soksi ya nailoni iliyokaa ndani ya kiatu kisichopitisha hewa. Sufu huchelewa kunuka, ila hilo huwezi kumfundisha mtu mzima kabla ya Voi.

Safari ijayo beba pea mpya mkobani. Mwambie, "Ami, naona kiyoyozi chakutesa, chukua hizi upashe miguu." Hakuna mwana wa pwani atakayekataa zawadi mbele za watu. Zilizovuliwa ndizo zitakusumbua, kwa sababu mfuko wa plastiki ambao ungezifungia ulipigwa marufuku Agosti 2017, kama miezi mitatu tu baada ya treni hiyo kuanza safari. Nenda na mkebe wa biskuti, ule wenye kifuniko cha kukaza, na ukishuka mwachie na mkebe.