Namna ya Kuutambua Mchikichi: Mwongozo kwa Mgeni wa Rumonge

Umeshuka Rumonge kwa barabara ile inayofuata ziwa kutoka Bujumbura. Michikichi kulia, michikichi kushoto, na kando ya njia madumu ya mawese mekundu yanakungoja. Umejiambia: mti mmoja tu huu, nimeshaujua. Pole sana. Keti, tuanze.

Kwanza, achana na neno "mti" mbele ya msomi wa mimea. Mchikichi hauna mbao wala pete za miaka, na shina lake halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwembe. Kiukoo uko karibu zaidi na mahindi kuliko na mwembe. Mbele ya mwenye shamba, sema mti bila wasiwasi. Ukichanganya wasikilizaji, utafundishwa mpaka jua lizame upande wa Kongo.

Pili, kariri jina la kitaalamu: Elaeis guineensis. Alilitoa Nikolaus Joseph von Jacquin mwaka 1763. Neno la kwanza limetokana na jina la Kigiriki la mzeituni, na mchikichi hauna undugu wowote na mzeituni. Ndugu yake wa kweli ni mnazi. Neno la pili ni la Guinea, ila Jacquin aliueleza mmea huo kutoka Martinique, kisiwa cha Karibiani, ulikovushwa zama za biashara ya utumwa. Usicheke. Jina likishaandikwa kwa utaratibu, haliulizwi lilitoka wapi. Familia nayo ina majina mawili, Arecaceae na Palmae, na kanuni za majina ya mimea zinayakubali yote. Chagua moja. Unayezungumza naye atakuwa amechagua jingine.

Sokoni, hayo yote yaache nyumbani. Sema mchikichi, au ikigazi kwa Kirundi. Ukisema Elaeis bei itapanda.

Sasa tuingie shambani, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Michikichi hugawanywa mafungu matatu: dura, tenera na pisifera. Usihangaike na rangi. Matunda mengine huanza meusi, mengine huanza kijani, na wajuzi wa kijiweni watakuapia kwamba rangi ndiyo siri. Siyo. Siri iko kwenye kokwa. Okota chikichi bivu, likate katikati kwa kisu kikali, futa mafuta vidoleni, utazame. Dura ina nyama kidogo na ganda nene la kokwa, kama milimita 2 hadi 8. Tenera ina nyama nyingi na ganda jembamba, tangu nusu milimita hadi 4. Umeona tatizo? Ganda la milimita 3 linaweza kuwa la yeyote kati yao. Basi sogeza jicho: ukiona pete ya nyuzi nyeusi kama vitone vinavyolizunguka ganda, hiyo ni tenera. Pisifera haina ganda kabisa. Kabla hujaikata, hakikisha shamba ni lako.

Na hii isome mara mbili. Mwaka 1941, kule Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Yaani mti unaosifiwa na kila mtu huzaliwa na mama anayedharauliwa kwa ganda lake nene, na baba ambaye kwa kawaida hata mkungu hakomazi. Ukipanda mbegu ulizookota chini ya tenera iliyochavushwa na tenera mwenzake, tarajia robo ya watoto wawe dura, nusu tenera, na robo pisifera. Tunda tamu la jirani, kwa hiyo, si ushahidi wa chochote. Utaliokota hata hivyo.

Mwisho, nunua miche. Kanuni ya kitaluni ni moja na kila mtu anaiheshimu: kila mche ni tenera. Mimi nilimuuliza mwenye kitalu kwa adabu.

"Hii ni tenera, mzee?"

"Tenera tupu, kijana wangu."

"Na ile pale?"

"Na yenyewe."

"Na hii iliyopinda?"

"Hiyo ndiyo tenera hasa."

Usibishane naye. Mche hauna tunda, na pasipo tunda huna cha kukata. Utasubiri miaka mitatu au minne. Utapalilia, utafukuza mbuzi, utawaonyesha wageni. Kisha mikungu itaanza kutoka, nawe utapita na kisu chako ukikata na kuhesabu pete. Mchikichi mmoja utaushangaa: mrefu kuliko wenzake, makuti yamejaa, maua tele, na mikungu inayooza kabla ya kuiva. Huo ndio pisifera. Ndio pia uliokuwa ukiwaonyesha wageni.

Niliurudisha ugomvi kwa mzee yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ah, huo. Huo ni tenera dume. Chukua mingine hii, ndiyo majike."

Nilichukua 6.