Ukoko Ulioniponza

Siku ya Idi, mtu aliyelelewa Tanga hutazamiwa kuonekana mahali pawili: asubuhi msikitini, na mchana kwa jamaa zake, akipeana mikono na kula kila kinachowekwa mbele yake. Mimi, Idi moja ambayo sitaisahau, nilionekana mahali pa tatu, pasipotajwa katika desturi ya wazee wetu, napo ni juu ya boneti ya motokaa yangu mwenyewe, kanzu nimeipandisha hata magotini, kiatu kimoja nimekishika mkononi kama mtu anayekinadi, na chini yangu mabata mzinga saba wa mwituni wamenizunguka mithili ya askari walioihusuru ngome.

Naishi katika mji mdogo ulio magharibi ya Boston, katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani, nchi ambayo riziki ilinifikisha nami sikuwa na hila ya kuikataa. Ndege huyu, ambaye kwetu hufugwa na watu wachache na kuliwa na wachache zaidi, huku hutembea barabarani kwa makundi, husimamisha magari kwa kuyatazama tu, hulala usiku juu ya miti mirefu, na kunapopambazuka hushuka kwa kishindo kuja kudai haki ambayo hakuna kadhi aliyemkatia.

Jina lake peke yake ni ushahidi kwamba mataifa yote yalitaka kumkana. Sisi tumemwita bata, naye hana nasaba na bata. Tukamwongezea mzinga, na hapo, kwa maoni yangu, tuliukaribia ukweli. Waingereza walimsingizia nchi ya Uturuki. Waturuki hawakuipokea lawama hiyo, wakamsingizia Bara Hindi. Wafaransa wakaafikiana na Waturuki. Wareno wakamtupia Peru. Na Waarabu walio wengi wakamwita jogoo wa Rumi. Kumbe asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na wa kufugwa alianzia Meksiko, ambako Wahispania walimchukua katika karne ya 16 wakamvusha bahari. Kiumbe aliyekanwa milango mingi namna hiyo, si ajabu akikua bila adabu.

Amiri wa jeshi lililonihusuru alikuwa dume mmoja, nami nilipata nafasi ya kumtazama kwa karibu kuliko nilivyopenda. Kichwa chake hakikuwa na unyoya, na upara huo ulibadilika rangi kwa kadiri hamaki zake zilivyopanda na kushuka, mara mwekundu, mara mweupe, mara wa buluu. Juu ya mdomo kilining'inia kinyama laini kilichorefuka kila alipokasirika. Kifuani alikuwa na kishungi cha ndevu nyeusi, ngumu kama singa za mkia wa farasi. Na nyuma ya miguu alikuwa na vipi viwili ambavyo jogoo wetu yeyote angevionea wivu. Alipotandaza mkia wake na kuziburura mbawa zake chini, zikikwaruza saruji kwa sauti ya ufagio wa makuti, nilikiri moyoni kwamba nimepata kuona masultani katika picha waliokuwa na haiba ndogo kuliko ile.

Chanzo cha vita kilikuwa usafi. Usiku wa kuamkia Idi niliisugua motokaa yangu, ambayo ni nyeusi, hata mtu angeweza kujinyolea ndevu mlangoni pake. Na majira yenyewe yalikuwa ya miti kuchipua, wakati ambapo madume ya ndege hawa hugombea majike. Dume yule alipopita asubuhi aliona katika mlango wa gari dume mwenzake, mwenye kimo chake, kifua chake na ujeuri wake, akampiga mdomo. Na yule wa ndani, bila kuchelewa hata nukta moja, akamrudishia. Mimi nilitoka nyumbani nikinukia udi, nikawakuta katika hali hiyo, nikaingia kati kwa nia njema ya kuinusuru rangi ya gari. Akaona ni afadhali apigane na adui mwenye nyama kuliko na yule wa kioo. Sikumbuki nilivyopanda boneti. Nakumbuka tu kwamba kiatu kimoja kilibaki chini pamoja na kofia yangu ya Kiunguja, na kwamba jike mmoja, bila ghadhabu wala haraka, aliinamia kofia ile akawa anaidonoa tundu kwa tundu, kwa uangalifu wa fundi aliyeishona, akidhani kila tundu limeficha punje.

Mama watoto alitokea mlangoni na ufagio. Akaniangalia mimi kwanza, kisha akawaangalia wao, akasema, "Baba watoto, kwani kuku hawa nao wamekushinda?" Alipiga hatua tatu tu, wala ufagio hakuuinua zaidi ya bega, na jeshi zima, amiri akiwa wa mbele, likatimua mbio kuelekea mtaa wa pili. Nilifika msikitini sala imekwisha, nikaikuta khutba katikati. Lakini kilichoniuma zaidi ni ule wepesi wa ushindi wake.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu ambaye amewinda kwa miaka 40, aliyatazama yote hayo dirishani pake, na jioni akaja kunipa pole, au labda kucheka kwa karibu. Akanieleza kwamba sikuwa wa kwanza, kwani Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa lao, alimwandikia binti yake waraka mwaka 1784 akimsifu ndege huyu kuwa ana heshima kuliko tai, na kwamba hangesita kumvamia askari wa Kiingereza mwenye koti jekundu atakayethubutu kuingia uani kwake. Nilimjibu kwamba Franklin alifupisha mambo: mimi nilivaa kanzu nyeupe, si askari wa mtu yeyote, na ua ulikuwa wangu.

"Wako tangu lini?" akaniuliza kwa upole, ndipo akanihadithia. Hapo kale ndege hawa walijaa jimboni. Misitu ikafyekwa kwa ajili ya mashamba, bunduki zikawamaliza waliosalia, na mwaka 1851 wa mwisho aliyejulikana akauawa katika mlima uitwao Tom. Zaidi ya miaka 120 ikapita bila sauti yao kusikika, mpaka mwaka 1972 na 1973, walipoletwa ndege 37 kutoka jimbo la New York wakaachiliwa katika misitu ya Berkshire. Kizazi cha hao 37 leo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mwaka 1991 jimbo likamtawaza kuwa ndege wake rasmi wa mawindo. Nilipohesabu miaka nikatambua jambo lililonitia haya: katika mtaa ule mgeni ni mimi.

Hata hivyo mzee alikuwa na huruma, akanialika nifuatane naye mawindoni, nisibebe silaha bali nione tu. Uwindaji wa majira yale una sharia nyingi kuliko ndoa. Huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na hukoma saa sita ya mchana. Jumapili ni marufuku. Na anayeruhusiwa kupigwa ni mwenye ndevu peke yake, hivyo kwamba ndevu, ambazo kwetu humzidishia mtu heshima, huko humzidishia ndege ajali. Kabla ya kuondoka mzee alinikagua kama mpishi akaguaye samaki: soksi zangu nyekundu akanivua, leso yangu nyeupe akaninyang'anya, na fulana yangu ya buluu akaihukumu ibaki nyumbani, kwa kuwa hizo tatu ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji wa mbali mwenye pupa aweza kumdhania mtu kuwa ni kitoweo.

Tuliketi gizani, migongo yetu tumeiegemeza kwenye mwaloni mpana. Mzee alitoa kijisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua, akakisugua taratibu. Masikioni mwangu sauti ile ilikuwa ya bawaba iliyokosa mafuta; lakini dume mmoja, ng'ambo ya bonde, aliisikia kama taarabu, akaitikia kwa mngurumo ulioamsha msitu mzima. Kwa muda wa saa nzima alitujia hatua kwa hatua, akisimama, akisikiliza, akijificha nyuma ya kila shina, hata tukakiona kichwa chake hatua 60 kutoka tulipo, na mzee akaanza kuinua bunduki yake ya marisau kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Wakati huohuo mbu akaniingia sikioni. Nilinyanyua kidole kimoja. Sikusikia bawa wala jani kuvunjika. Mahali palipokuwa na ndege pakabaki mahali. Mzee akaniambia kwamba ndege huyu hunusa vibaya lakini huona ajabu, kisha hakuniambia neno jingine mpaka saa sita.

Tukarudi mikono mitupu, na mawindo tuliyotoka kuyatafuta tukayakuta nyumbani yanatungoja: mabata mzinga tisa kwenye ngazi za nyumba ya mzee, na dume wetu wa Idi amekalia kiti chake cha barazani. Mzee alikitazama kifuko cha bunduki, akaitazama saa, ikawa imekwisha pita sita. Akazitazama nyumba za mtaa, zote zikiwa ndani ya zile futi 500 ambazo sharia imezikataza kwa mwindaji asiye na idhini ya wenyewe. Akaiweka bunduki ndani ya gari, akaufunga mlango kwa taadhima, na mwindaji wa miaka 40 akaenda kutafuta ufagio.

Walipokwisha kutawanyika akaketi, akaniuliza, "Hapa mtaani nani anawalisha?"

Sikuwa na budi kukiri. Katika majira ya baridi ya huko, theluji ikiwa imefunika kila kitu, alikuja jike mmoja mnyonge mlangoni pangu, nami kwa ukarimu wa pwani nikamtupia ukoko wa wali. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilimwongezea ukoko, na ya nne akaja na jamaa zake. Mzee akatikisa kichwa, akanifahamisha kwamba ndege hawa huishi kwa vyeo, kila mmoja akimjua aliye juu yake na aliye chini yake. Na wakizoea kulishwa na watu, huwaingiza hao watu pia katika orodha yao. Anayewafukuza humweka juu. Anayewapa na kuwapisha humweka chini. Basi nikaelewa kwa nini mama watoto alishinda kwa hatua tatu: yeye alikwisha andikishwa kuwa malkia tangu siku ya kwanza, na mimi, mwenye nyumba, nilikuwa wa mwisho katika daftari, chini ya yule jike aliyeila kofia.

Yule wa msituni aliyekimbia kidole na huyu wa barazani asiyejali bunduki ni ndege mmoja. Kilicho kati yao ni ukoko wangu. Kwa hiyo, ewe msomaji utakayejaaliwa kukaa nchi hizo, pokea wosia wa aliyepanda boneti: funika gari lako majira ya kuchipua, weka mpira wa maji karibu na mlango, wasihi majirani wote wafanye hivyohivyo, na usimtupie ndege yule hata punje. Ukoko siku hizi naula mwenyewe.