Jinsi ya Kuihamishia Uswisi Sinza kwa Gharama ya Bango

Umekodi uwanja Sinza. Una friji mbili, jiko la kuchomea, viti vya plastiki na mpishi wa kitimoto anayejua kazi yake. Kimebaki kitu kimoja tu, jina. Usithubutu kuandika la kwako, maana baa zenye majina ya wenyewe zimejaa kila kona. Andika jina la mahali ambapo hujafika na huna nauli ya kufika. Mimi nakupa Engadin, bure kabisa, na maelekezo ya kuishi nalo bila aibu.

1. Lijue kidogo. Kidogo tu, ukilijua sana utaanza kuona haya. Engadin ni bonde la Uswisi, pembe ya mashariki ya nchi, na mto Inn unapita humo katikati ya milima ya Alps. Mji wake wenye jina ni St. Moritz, walikofanyia Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928 na tena 1948. Basi, funga daftari. Mteja akitaka zaidi ya hapo, muulize kama bia yake anataka ya baridi au ya moto.

2. Usiogope kuitwa mwizi. Hilo jina limeshaibwa na watu wakubwa kuliko wewe. Waaustralia wana Engadine yao, kitongoji cha Sydney upande wa kusini. Wamarekani wana kijiji chao Michigan. Ila Waingereza ndio waliopitiliza: bonde lisilo na hata tone la maji ya chumvi, wao wakaliandika ubavuni mwa meli. HMS Engadine ilijengwa 1911 kuvusha abiria kati ya Uingereza na Ufaransa. Vita vilipoanza 1914 wanamaji wakaichukua, wakaipakia ndege za kuruka kutoka majini, na Mei 1916 ndege yake ikapaa kuwachungulia Wajerumani katika mapigano ya Jutland. Baadaye ikauzwa, ikaenda Ufilipino, huko ikabadilishwa jina ikaitwa Corregidor. Waingereza wenyewe hawakukoma, miaka ya 1960 wakajenga Engadine nyingine, ya mazoezi ya helikopta.

Wajerumani nao walikuwa na meli yao ya abiria iliyoitwa Tabora. Tabora! Mji ambao ukitaka kuona bahari unapanda treni usiku kucha. Iliishia kuzamishwa hapa hapa bandarini Dar mwaka 1916. Sasa kama watu wa heshima zao wameelea baharini kwa majina ya nchi kavu, wewe unaogopa nini kuuza ndizi choma?

3. Kimbia majina ya jirani. Jina la karibu lina kazi moja tu, kuchanganya watu. Mfano uko pale kivukoni. Serikali ilinunua pantoni, moja ikaitwa MV Magogoni, nyingine MV Kigamboni. Kwa hiyo mtu alisimama Magogoni, akapanda Magogoni kwenda Kigamboni, na katikati ya maji akapishana na Kigamboni inayokuja Magogoni. Mpigie simu shangazi umweleze ulipo. Nadhani ndiyo maana iliyofuata wakaiita MV Kazi, wakapumzika.

4. Jifunze kwa waliokutangulia. Hapa napenda kukaa kidogo, maana jiji hili ni chuo kikuu cha fani hii. Sinza penyewe pana Palestina, na pale kuna hospitali. Mtu anaaga nyumbani kwamba anakwenda Palestina kupima malaria na hakuna anayelia. Temeke kuna Sudani. Manzese kuna Argentina, na Kinondoni kuna Morocco. Hayo mawili ya mwisho mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 ukayapa vituo kabisa, na maandishi ukutani. Leo unatoka Argentina kwenda Morocco kwa kupitia Magomeni, bila pasipoti, ukiwa umesimama na mkoba wa mtu umekuchoma mbavuni. Na faida zake usizione ndogo: Desemba 2022 Manzese walibeba Kombe la Dunia bila kutoa jasho, na Kinondoni wakaishia nusu fainali.

Lakini bingwa wa wote ni Biafra. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, Mwalimu akakubali kununiwa na wakubwa wa Lagos na London kwa ajili hiyo. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri, ikafutika kwenye ramani. Huko kwao. Huku Kinondoni Biafra bado ipo, ina viwanja, na viwanja vinafanyiwa mikutano ya hadhara ambako wagombea wanaahidi barabara za lami. Kwa hiyo ukichagua jina la mbali usijisumbue kuuliza kama mahali penyewe pangalipo.

5. Msajili halisi ni konda. Brela utakwenda, utalipia, utapewa cheti, utakitundika nyuma ya kaunta pembeni ya kalenda. Vizuri. Lakini jina lako halijazaliwa mpaka konda wa daladala apige bodi ya gari makofi mawili na kupayuka: “Engadini wapooo? Engadini shusha!” Kumfikisha hapo kuna njia ya mkato. Asubuhi mpe supu, kwa wiki kadhaa, na usimwambie kwa nini. Mwambie tu kwamba kituo cha jirani kina foleni, ashushie mbele ya bango lako. Tandiboi naye usimsahau, huyo ndiye mwenye sauti. Wakianza kutamka “Ingadini”, waache. Mwezi unaofuata itakuwa “Gadini” na hapo ujue umeshinda, kwa sababu Mswisi mwenyewe hawezi tena kukudai.

Serikali isikutishe. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, mitaa ilisimikiwa vibao na nyumba zikabandikwa namba. Kazi nzuri sana. Sasa mpigie bodaboda umtajie namba ya nyumba na postikodi, halafu usikilize kimya chake. Mwisho wa yote atakuuliza: “Kwa Remmy unapajua, bosi?” Naye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alifika Dar 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, akahamia Matimila, akakaa Sinza mpaka Sinza ikawa kwake. Alifariki Desemba 2010 na watu bado wanashuka kwake kila siku. Huyo ndiye mtu pekee ninayemruhusu kutumia jina lake mwenyewe, na sharti lake ni kwanza uwe Remmy.

6. Bango. Mwite fundi wa mabango, mwambie achore mlima wenye theluji. Atachora Kilimanjaro, maana theluji nyingine hajaiona, na ataweka twiga mbele. Usimkosoe. Mlima mkubwa kuliko yote kule Engadin ni Piz Bernina, mita 4,049. Kibo ni 5,895. Umempandisha Mswisi cheo kwa karibu mita elfu mbili, na hajalipa hata thumni. Twiga mfute ukiweza. Akigoma kumfuta, sema ni wa utalii.

7. Ukiuza, mwachie mnunuzi uhuru wake. Atabadili jina tu, hata umsihi vipi. Wajerumani walijenga meli Papenburg mwaka 1913, wakaikatakata, wakaisafirisha kwa makasha mpaka Dar, kisha reli mpaka Kigoma, wakaiunganisha huko na kuiita Graf von Götzen, jina la gavana wao wa enzi za Maji Maji. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, kwa adabu, injini zikiwa zimepakwa grisi ili wakirudi waikute nzima. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Gavana hakuulizwa. Nawe usiulize. Chukua chako, hamisha friji, uanze upya mtaa wa pili.

8. Siku akitokea Mswisi. Itatokea, Dar haikosi mgeni. Atasimama nje, atasoma bango, atatabasamu, na atakuambia kwa Kiswahili cha kozi ya Zanzibar kwamba yeye ni mzaliwa wa Engadin hasa. Usitetemeke. Mvutie kiti chini ya feni inayofanya kazi, mletee kilo moja ya kitimoto na ndizi, pilipili pembeni, na umkaribishe nyumbani. Akiuliza ulifika lini kule bondeni, mwambie hapa ndipo makao makuu, lile la kwao ni tawi. Kisha mletee bili, bei ya mwenyeji. Wa tawi huwa hawapewi punguzo.