Bikira Juu ya Gari la Karnivali

Huko Sevilla, Juma Kuu likifika, wanaume hujibanza gizani chini ya jukwaa zito la mbao na kuibeba sanamu ya Bikira Maria kwa shingo zao. Wahispania huliita paso. Mfasiri wa Kiingereza, bila haya, hulipa jina lile lile la magari ya karnivali. Mama wa Mungu akajikuta katika msafara mmoja na wacheza samba. Mfasiri atajitetea kwamba lugha yake haina neno jingine. Kweli, ila ufukara huo haukushuka kutoka mbinguni: sheria ya mwaka 1547, chini ya Edward VI wa Uingereza, ilivivunja vyama vya ibada vya waumini, ndugu wa vile vinavyobeba paso huko Sevilla, na mali yao ikaishia kwa mfalme. Ukifuta jambo, jina lake litabaki kufanya nini? Wengine husema msomaji ataelewa tu. Ataelewa, naam, kisha aulize ngoma inaanza saa ngapi.